Balbu Haijagoma, Haikusikii

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi moja baada ya magharibi, sauti imempanda. Alikuwa amenunua balbu janja tatu Kariakoo, zile za kuwasha kwa simu na kubadilisha rangi, na kwa saa mbili nzima zilikuwa zikimpepesea tu sebuleni kama taa za baa. "Shem, nimeuziwa feki," akasema. "Nenosiri naandika herufi kwa herufi, inaniambia nihakikishe nenosiri. Nimeandika mara tisa!"

Nilipofika niliomba simu yake, nikaingia upande wa waifai na kugusa jina la mtandao wa nyumbani kwake, HapaSiBure. Chini kwenye maelezo paliandikwa masafa: gigahezi 5. Hapo hapo nikajua balbu hazina kosa. Dakika kumi baadaye zilikuwa zinawaka, na mwanawe wa miaka sita ameshageuza sebule nzima zambarau.

Swali hili nimeulizwa na watu wengi mno, kwa hiyo naliandika mara moja liishe. Kama una balbu, soketi, swichi, kamera au rimoti ya AC inayoendeshwa kwa simu, na imekataa kuingia kwenye waifai, soma haya kabla hujarudi dukani kugombana na muuzaji.

Masafa mawili, sikio moja

Ruta nyingi zinazofungwa majumbani siku hizi hurusha waifai kwa njia mbili kwa pamoja: kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na kwenye masafa ya gigahezi 5. Simu yako, kama si ya zamani sana, inasikia kote kuwili. Vifaa janja vingi, hasa vya bei ambayo wengi wetu tunaimudu, vinasikia 2.4 peke yake. Ukikiambia kifaa cha namna hiyo kijiunge na mtandao wa 5, hakikatai. Kwa upande wake mtandao huo haupo kabisa.

Sababu iko ndani ya kifaa chenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ndogo iitwayo ESP8266, ya bei ya chini mno, yenye redio ya waifai ya 2.4 tu. Ndugu yake mkubwa, ESP32, aliyefuata mwaka 2016, naye ni wa 2.4 tu. Soketi na balbu chungu nzima zimejengwa juu ya chipu hizi au zinazofanana nazo. Na kusema kweli balbu haihitaji zaidi ya hapo. Amri ya "washa" ni data ndogo mno. Kuitafutia njia yenye kasi ya gigahezi 5 ni kukodi Fuso kubebea kiberiti. Tena wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, kama nusu shubiri, na linavumilia kuta kuliko la 5, ambalo urefu wake ni kama upana wa vidole vitatu tu. Taa ya getini inafikiwa na 2.4 mahali ambapo 5 ilishakata tamaa tangu jikoni.

Ubaya wa 2.4 ni msongamano. Masafa hayo yako wazi kwa kila mtu bila leseni. Marekani iliruhusu matumizi ya aina hii mwaka 1985, na kiwango cha kwanza kabisa cha waifai, cha mwaka 1997, kilikaa hapo hapo. Bluetooth nayo iko humo. Oveni ya maikrowevu pia hupashia chakula kwenye gigahezi 2.45, kwa hiyo kama kamera yako ya jikoni hukwama kila mara mtu anapopasha pilau, huna haja ya kumwita fundi.

Na jambo moja linalowachanganya wengi: jina la waifai linaloishia na "5G" halihusiani kabisa na 5G ya mitandao ya simu inayotangazwa barabarani. Kwenye ruta, ile 5 ni gigahezi 5. Unaweza kuwa na laini ya 4G na bado ruta yako ikaonyesha jina lenye 5G.

Simu inavyokinong'oneza kifaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa kinachotokea unapobonyeza "unganisha", nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe.

Kifaa kipya hakijui jina la mtandao wako wala nenosiri lake. Hakina kioo, hakina kibodi. Simu itakipaje siri ya kuingilia mtandaoni wakati chenyewe bado kiko nje ya mtandao huo? Wahandisi walibuni ujanja mzuri sana. Simu, ikiwa tayari ndani ya waifai yako, inaanza kutuma vifurushi vya data hewani. Yaliyomo ndani ya vifurushi yamefungwa kwa usimbaji na kifaa hakiwezi kuyasoma. Lakini urefu wa kila kifurushi haufichiki. Basi simu inatuma kifupi, kirefu, kirefu zaidi, kifupi tena, na ule urefu ndio unaobeba herufi. Ni kama mtu aliyefungiwa nje akisikiliza ngoma ya ndani: maneno ya wimbo hayapati, mapigo anayahesabu. Kifaa kinazunguka chaneli moja baada ya nyingine za masafa ya 2.4, kimetega sikio, mpaka kikusanye mapigo ya kutosha kuunda jina na nenosiri. Kisha kinajiunga na kuacha kupepesa.

Sasa simu yako ikiwa kwenye 5, ngoma inapigwa mtaa mwingine. Mara moja moja ruta huurudia ujumbe huo upande wa 2.4 na kifaa kikabahatika kuudaka, ndiyo maana jirani anaweza kukuapia kwamba yeye aliunganisha bila taabu yoyote. Usimtegemee. Na ile kauli ya "hakikisha nenosiri" isikupotoshe: programu haijui kilichoharibika. Imesubiri jibu, muda umekwisha, ikatupa kosa kwako.

Njia hiyo ya mapigo ndiyo ile ambayo taa ya kifaa hupepesa haraka haraka. Ipo na njia ya pili, ya kupepesa polepole. Katika hiyo, kifaa kinaanzisha waifai yake ndogo, unaiona kwenye orodha ya simu ikiwa na jina la ajabu ajabu, unajiunga nayo, na programu inakikabidhi jina na nenosiri mkono kwa mkono. Ni njia ya kizamani na ina hatua moja zaidi, lakini mimi ndiyo naitegemea, kwa sababu hapa haijalishi simu ilikuwa kwenye masafa gani mwanzoni. Sharti ni moja: jina unalolijaza liwe la mtandao wa 2.4. Kubadili kutoka kupepesa haraka kwenda polepole, kwa soketi na swichi nyingi, unashikilia kitufe sekunde tano hadi kumi, unaachia, kisha unashikilia tena. Balbu haina kitufe, kwa hiyo unaizima na kuiwasha ukutani mara tatu, nyingine mara tano, kwa mpigo. Ukirudia tena inabadili mwendo. Karatasi iliyo ndani ya boksi itakuambia idadi kamili. Usiitupe.

Vifaa vipya zaidi hupokea siri kwa Bluetooth, na vingi vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka mwaka 2022, vimeandaliwa hivyo au kwa namna inayokaribiana nayo. Hapo simu inaweza kuwa kwenye 5 na mazungumzo yakafanyika. Ila bado kifaa chenyewe kitaingia kwa 2.4, na programu kwa mazoea inakuandikia jina la mtandao ambao simu iko nao wakati huo. Kama ruta yako ina majina mawili na umeacha lile la 5, utarudi pale pale alipokuwa shemeji.

Anza na simu

Watu hukimbilia ruta. Mimi naanza na simu, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi na haihitaji ruhusa ya mtu.

Angalia uko kwenye masafa gani. Simu nyingi za Android zinaonyesha ukigusa jina la mtandao ulioungana nao. iPhone kwa kawaida haikuambii, itabidi uangalie kwenye ruta. Halafu zima data ya laini. Hili ni muhimu hasa kwa njia ya kupepesa polepole: simu ikijiunga na waifai ndogo ya balbu inagundua kwamba haina intaneti, inajifanya kukusaidia, inarukia kwenye bando lako, na balbu inabaki ikizungumza peke yake. Simu ikikuuliza kama uendelee kubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Washa mahali ulipo, na uipe programu ruhusa ya kupajua. Najua inatia shaka, balbu ya nini kujua niko Tabata au Tegeta, lakini Android huhesabu jina la waifai kuwa ni taarifa ya mahali, na bila ruhusa hiyo programu haiwezi kusoma jina la mtandao. Ukimaliza kuunganisha unaweza kuiondoa. Kwenye iPhone ruhusa inayosahaulika ni ya mtandao wa ndani. Ukiikataa siku ya kwanza, programu haitaona kifaa hata kikiwa mezani. Na kama unatumia VPN, izime kwa dakika hizo.

Kisha nenosiri. Liandike kwa mkono, usikubali neno linalopendekezwa na kibodi, kwa sababu kibodi nyingi huongeza nafasi mwishoni na nafasi hiyo huioni. Gusa alama ya jicho ulitazame. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Nenosiri lenye alama za kigeni au emoji linaweza kupita kwenye simu yako na kuishinda chipu ya balbu. Herufi na namba za kawaida, ndefu, zinatosha.

Kuingia kwenye ruta

Fungua kivinjari kwenye simu au kompyuta iliyoungana na waifai yako na uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, vile visanduku vya faiba vya Huawei vingi hutumia 192.168.100.1. Jina la mtumiaji na nenosiri la kuingilia navyo viko kwenye stika, isipokuwa fundi aliyekufungia amevibadilisha. Kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa unaoufungua. Picha hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.

Tafuta sehemu iliyoandikwa WLAN au Wireless. Humo utakuta kurasa mbili, moja ya 2.4 na nyingine ya 5, au utakuta jina moja linalotumika kote kuwili. Hilo la pili ndilo lililomkamata shemeji. Ruta ina jina moja na inaamua yenyewe simu ikae upande gani. Kwenye TP-Link kipengele hicho kimeandikwa Smart Connect. Kwa simu ni raha. Kwa balbu ni mtego, kwa sababu simu inasukumwa kwenda 5 kila inapokuwa karibu na ruta.

Njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo niliyoitumia kwa shemeji: zima masafa ya 5 kwa dakika kumi. Simu itaangukia 2.4 yenyewe, haina pengine pa kwenda. Unganisha vifaa vyako vyote kwa mkupuo, kisha washa 5 tena. Kifaa kikishaingia hakijali tena kama ruta ina jina moja au kumi. Ila waambie watu wa nyumbani kwanza. Ukizima 5 dakika ya 88 watu wakiangalia mpira, utalaumiwa kwa mengi kuliko balbu.

Njia ya kudumu ni kutenganisha majina. Hapa nina msimamo: jina la zamani liachie 2.4, na jina jipya lipe 5, kwa mfano jina lile lile ukiongeza _5 mwishoni. Wengi hufanya kinyume, halafu vifaa walivyokuwa wameshaunganisha vinapotea vyote kwa siku moja. Kuhamisha simu tatu na televisheni kwenda jina jipya ni kazi ya dakika mbili; kupanda ngazi kuanza upya balbu kumi na mbili za dari ni kazi ya Jumapili nzima.

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa 2.4, tazama mambo haya. Ulinzi uwe WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WPA3 peke yake vifaa vingi vya zamani kidogo haviijui. Jina la mtandao lisiwe limefichwa. Upana wa chaneli uwe megahezi 20. Ukiweka 40 unapata kasi kidogo na kero nyingi. Na chaneli yenyewe chagua 1, 6 au 11. Chaneli za 2.4 zimepangwa kwa hatua ya megahezi 5 tu, lakini kila moja inatumia upana wa kama megahezi 20, kwa hiyo zinapandiana kama watu kwenye siti ya daladala. 1, 6 na 11 ndizo tatu zinazokaa bila kugusana. Ukiiachia ruta ichague yenyewe inaweza kwenda 12 au 13, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako chaneli hizo kwa kawaida hazitumiki, hakitauona mtandao wako hata ukikishikilia juu ya ruta.

Kama ruta si yako

Umepanga chumba, waifai ni ya mwenye nyumba, au kampuni ya intaneti imefunga ukurasa wa mipangilio. Usikate tamaa.

Kwanza, waulize. Huduma kwa wateja mara nyingi wanaweza kutenganisha majina wakiwa huko huko ofisini, waambie neno kwa neno: "Naomba mnitenganishie 2.4 na 5 ziwe na majina tofauti." Kama ruta ina mtandao wa wageni, huo nao mara nyingi unaweza kuwekwa 2.4 peke yake, ingawa kuna ruta zinazozuia vifaa vya mtandao wa wageni kuonana, na hapo kuunganisha kwa mapigo kunaweza kushindikana.

Pili, tafuta simu ya zamani. Ile iliyolala kabatini kioo kimepasuka. Simu nyingi za bei nafuu, za zamani na hata za karibuni, zina 2.4 tu, na udhaifu huo leo ni neema. Weka programu humo, ingia kwa akaunti yako, unganisha kifaa, kisha fungua akaunti hiyo hiyo kwenye simu yako kubwa. Kifaa utakikuta kinakusubiri.

Tatu, tembea. Kiache kifaa karibu na ruta kikipepesa, wewe toka na simu mpaka kibarazani, ikibidi hadi getini, ukiangalia maelezo ya waifai. Kuta zitaiua 5 kabla ya 2.4, na itafika hatua simu itahamia yenyewe. Bonyeza unganisha hapo hapo ulipo. Majirani watakushangaa, lakini inafanya kazi.

Nne, na hii ni ya mwisho kwa sababu inahitaji simu mbili. Kwenye simu moja washa hotspoti, uipe jina lile lile la waifai ya nyumbani na nenosiri lile lile, herufi kwa herufi, na uweke masafa ya 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, kuna swichi kwenye ukurasa wa hotspoti iliyoandikwa Maximize Compatibility. Ndiyo inayoishusha hadi 2.4. Sogea mbali na ruta au izime kabisa kwa muda. Kwa simu ya pili unganisha kifaa kwenye hotspoti hiyo. Halafu zima hotspoti, washa ruta. Kifaa hakikumbuki sura ya ruta, kinakumbuka jina na siri. Kitaiona ruta halisi na kuingia kama mwenyeji.

Kuta, mabati na umeme

Kifaa kikiungana vizuri mezani kisha kikapotea baada ya kufungwa mahali pake, tatizo si masafa tena, ni njia. Zege lenye nondo linapunguza nguvu ya waifai sana, na slabu kati ya ghorofa ni mbaya kuliko ukuta. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zinakula hata hiyo 2.4. Bati, friji, tangi la chuma na kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho nyuma yake kina tabaka la madini, vyote vinairudisha ilikotoka. Toa ruta ndani ya kabati la televisheni, iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukilazimika kununua ekstenda, hakikisha na yenyewe inarusha 2.4, na hesabu vifaa ulivyonavyo: MiFi nyingi ndogo hupokea vifaa kumi hivi tu, na kifaa cha kumi na moja kitagonga mlango bila kufunguliwa.

Kwa swichi janja, kuna kikwazo kisichohusu waifai ila kitakusumbua siku hiyo hiyo. Nyingi zinahitaji waya wa nyutro, na maboksi mengi ya swichi majumbani kwetu yana waya wa moto na wa kwenda taani tu. Muulize fundi umeme kabla hujanunua. Na soketi ya ampea 10 kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 2,300. Birika isiyozidi hapo inaweza, hita ya kuogea haiwezi, na redio ya 2.4 haina msaada soketi ikiyeyuka.

Halafu kuna umeme wenyewe. Ukikatika na kurudi, balbu zinaamka kwa sekunde chache wakati ruta bado inajikokota dakika moja au mbili. Subiri, zitajiunga zenyewe. Lakini umeme unapokatika-katika, kwa mfano mara tatu ndani ya sekunde kumi, balbu inadhani ni wewe unaizima na kuiwasha ukutani. Inajifuta kumbukumbu na kuanza kupepesa. Ukiamka saa nane usiku ukakuta taa ya chumbani inakukonyeza, hakuna jini wala hakuna aliyekudukua. Programu nyingine zina mpangilio wa kuzuia hili. Kama yako haina, zoea.

Sababu kubwa kuliko zote ya kifaa kuonekana "hakipo mtandaoni" hata hivyo ni mkono wa mtu ukutani. Bibi yetu ana miaka themanini na zaidi, na hajawahi kutoka chumbani bila kuzima taa. Balbu iliyokatiwa umeme haiwezi kusikia masafa yoyote. Tulibandika selotepu juu ya swichi, akaibandua kwa heshima na kuniuliza nani amechafua ukuta.

Miezi mitatu baada ya Jumamosi ile, shemeji alipiga tena. Alikuwa amehamia kampuni nyingine ya intaneti, wamemfungia ruta mpya asubuhi, na sasa balbu zote, soketi mbili na kamera ya getini vimekufa. Alikuwa tayari juu ya stuli, anataka kuanza upya moja baada ya nyingine.

"Ruta mpya umeipa jina gani?" nikamuuliza.

"Wameweka la kwao, limejaa manamba."

"Shuka kwanza hapo kwenye stuli. Ingia kwenye ruta, upande wa 2.4, andika HapaSiBure. Nenosiri weka lile la zamani, usiongeze wala usipunguze."

Alikata simu. Baada ya dakika kama nne akanitumia picha ya sebule yake, zambarau tupu.